Nyasi za Ruiru na Viatu vya Augusta

Msafiri anayetoka Nairobi kwa Barabara Kuu ya Thika haoni kwa urahisi mahali jiji linapoishia na Ruiru inapoanzia. Tangu barabara hiyo ifunguliwe rasmi mwaka 2012, nyumba za kupangisha zimejaa palipokuwa na mashamba ya kahawa, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 490,120 katika mji wa Ruiru, idadi iliyouweka katika nafasi ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Lakini anayetazama chini badala ya kutazama maghorofa ataona mpaka ulio wazi kuliko kibao chochote cha kaunti. Kushoto, ardhi inapopanda kuelekea Kiambu, udongo ni mwekundu, mzito, wenye rutuba, ule ule uliolea kahawa vizazi na vizazi. Kulia, ukishapita Kamakis kuelekea Ruai na Juja Farm, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa wakati wa jua na kung'ang'ania tairi na miguu wakati wa mvua. Safari yangu ya huku ni ya gofu. Naanza na udongo kwa sababu naamini hapo ndipo mjadala wa gofu wa eneo hili ungepaswa kuanzia, na mara nyingi hauanzii hapo.

Mjadala wenyewe haukosi joto. Kuanzia Ruiru Sports Club hadi Thika Sports Club, na mbele zaidi huko Thika Greens upande wa Murang'a, wapenzi wa gofu wanabishana juu ya mambo yale yale yanayobishaniwa na wenzao duniani kote: draiva (fimbo ya pigo refu la kuanzia) ya kampuni gani inapeleka mpira mbali, mpira laini au mgumu, kiatu cha njumu au cha soli tambarare, na kati ya mashindano makubwa manne ni lipi lenye uzito kuliko mengine, Masters ya Augusta au The Open ya Uingereza. Ushahidi unaoletwa mezani karibu daima ni wa aina moja: fulani alishinda taji fulani akiwa na fimbo hii, miguuni amevaa hivi. Hoja yangu inakwenda kinyume na mazoea hayo. Nasema mchezaji wa Ruiru au Thika achague vifaa kwa kuanzia ardhini na kupanda juu. Kwanza kiatu, kisha fimbo za kuuondoa mpira kwenye nyasi, na draiva ije mwisho. Nyasi na mwinuko wa mahali anapochezea vina sauti kubwa kuliko jina la bingwa yeyote. Tena nasema kwamba mashindano ya kigeni yanayoweza kumfundisha zaidi ni yale yaliyochezwa juu ya nyasi zilizotoka kwao.

Nyasi hizo ni za kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na katika Kiambu ziko kila mahali: kando ya barabara, kwenye viwanja vya shule, kwenye malisho ya ng'ombe wa maziwa, na kwenye viwanja vya gofu. Mwishoni mwa miaka ya 1910 zilipelekwa California ili zizuie mmomonyoko kwenye miteremko na kingo za mifereji, zikafanya kazi hiyo vizuri kupita walivyotaka waliozileta. Leo serikali ya Marekani inaziorodhesha kuwa magugu hatari. Hata hivyo zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye viwanja vya gofu vya kusini mwa jimbo hilo na kuvitawala. Riviera Country Club, jijini Los Angeles, kiwanja kilichofunguliwa katika miaka ya 1920, kinajulikana na wachezaji wa kulipwa wa dunia nzima kwa sababu ya nyasi hizi. Ben Hogan alishinda US Open, moja ya yale mashindano makubwa manne, hapo mwaka 1948. PGA Championship, jingine kati ya hayo manne, ilichezwa hapo mwaka 1983, akashinda Hal Sutton, na tena mwaka 1995, akashinda Steve Elkington. Torrey Pines, karibu na San Diego, nako zimo, na hapo Tiger Woods alishinda US Open ya mwaka 2008 akiwa na mguu uliovunjika, na Jon Rahm akashinda ya mwaka 2021. Kwa hiyo mtu wa Ruiru anayesema kwamba mashindano makubwa ni ya ulimwengu mwingine kabisa hajatazama vizuri. Baadhi yake yamechezwa juu ya nyasi anazozikanyaga kila Jumamosi, na waliocheza huko walilazimika kujifunza mambo ambayo kedi wa Ruiru, mbeba fimbo za wachezaji, anayajua toka utotoni.

Mambo yenyewe ni haya. Nyasi za kikuyu hutambaa. Mashina yake hupita juu ya ardhi na chini yake, yakasukana kama mkeka, na majani yake husimama wima, manene na magumu. Zikikatwa fupi kwenye njia kuu ya shimo, mpira hukaa juu yake vizuri mno, umeinuliwa, unangoja kupigwa. Mchezaji wa wastani hapo anapata zawadi ambayo mwenzake wa pwani ya Uskoti, anayepiga kutoka kwenye nyasi kavu zilizolala chini, haipati. Lakini zikiachwa zirefuke pembeni, mpira hudidimia ndani, na majani hushika shingo ya fimbo inapopita, yakaugeuza uso wake kuelekea kushoto kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Karibu na grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, hali ni ngumu zaidi. Pigo la chini linalotegemea mpira udunde mara moja mbili kisha utambae hadi shimoni, pigo linalopendwa sana kwenye The Open, hapa hufa kwenye mdundo wa kwanza. Majani husimama mbele ya mpira na kuumeza mwendo. Mpira hauna budi kwenda kwa hewa na kutua kwenye grini yenyewe.

Hapo ndipo swali la fimbo linapopata jibu la mahali. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 tu mfukoni, idadi iliyowekwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na kwa hiyo kila fimbo inayoingia inaitoa nyingine. Anayefuata mfuko wa bingwa atabeba chuma kirefu cha namba tatu au nne, kwa sababu bingwa hukihitaji siku ya upepo. Ruiru chuma hicho ni mzigo. Kwenye nyasi ndefu za kikuyu chuma chembamba, chenye uso uliosimama, hushikwa na kupinda kabla hakijaufikia mpira, na mchezaji wa handikapu ya 18 hana kasi ya mikono ya kukipitisha kwa nguvu. Nafasi hiyo ingechukuliwa na weji ya ziada, fimbo yenye uso uliolala sana, ya nyuzi 56 au hata 60, ya kuurusha mpira juu ya nyasi za pembeni na kuutua laini. Juu ya soli ya weji wataalamu hawakubaliani, na nadhani wote wana sehemu ya ukweli. Soli nyembamba hukata nyasi na kufika chini ya mpira, nayo inafaa Januari na Februari, ardhi ikiwa imekauka na kukaza. Soli pana hukataa kuzama, nayo inafaa Aprili na Novemba, udongo mwekundu ukiwa umelainika. Anayeweza kumiliki mbili azimiliki. Anayemiliki moja achukue pana, kwa sababu kosa la fimbo kuzama kwenye tope linaharibu shimo zima, na kosa la fimbo kuteleza kidogo linaharibu pigo moja.

Kuhusu draiva nitasema machache, ingawa ndiyo inayochukua muda mwingi wa mabishano. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya saba, na kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu wa gofu mpira husafiri mbali zaidi kwa asilimia sita hivi. Pigo la mita 200 huko Nyali, Mombasa, linakuwa kama mita 212 hapa. Kwa hiyo mchezaji wa nyanda za juu amekwisha kupewa na mwinuko, bila malipo, umbali mkubwa kuliko ule ambao draiva ya mwaka huu inauahidi juu ya ile ya mwaka jana. Hewa nyepesi vilevile hupunguza nguvu inayoupandisha mpira na ile inayoupindisha. Mpira unaruka chini zaidi, unatua kwa mshazari, na unapinda kidogo kuliko ungepinda baharini. Maana yake ni kwamba draiva zinazosifiwa kwa kupunguza mzunguko wa mpira, zilizobuniwa kwa wapigaji wenye kasi kubwa, hazimfai mtu wa wastani wa hapa. Yeye anahitaji uso uliolala zaidi, nyuzi 10.5 au 12, ili mpira upande. Na aliyenunua draiva ya kutibu ugonjwa wa kupinda kulia ajue kwamba mwinuko umekwisha kumpa sehemu ya dawa.

Sasa kiatu, ambacho nimekiweka mbele ya yote. Hadi miaka ya 1990 kiatu cha gofu kilikuwa na misumari ya chuma. Njumu za plastiki zilibuniwa Idaho, Marekani, ili kuokoa grini zisichanwe, na katika muda mfupi klabu nyingi duniani zikapiga marufuku chuma. Kisha ukaja mwaka 2010, Fred Couples akacheza Masters akiwa amevaa viatu vya Ecco vya soli ya vitufe vya mpira, bila soksi, vinavyofanana na viatu vya kutembelea mjini, akaongoza siku ya kwanza kwa mapigo 66 na kumaliza wa sita. Tangu hapo dunia ya gofu imegawanyika kambi mbili. Miaka 12 baadaye, kiwanja kile kile, Tiger Woods alirejea baada ya ajali ya gari ya Februari 2021 iliyomvunja mguu wa kulia, naye akavaa FootJoy zenye njumu, ilhali alikuwa bado ana mkataba na Nike. Alieleza kwamba mguu wake ulihitaji kitu tofauti, chenye uthabiti zaidi. Kambi zote mbili huleta mifano hii kama ushahidi. Mimi naiona kuwa ushahidi wa jambo moja. Couples, mwenye mgongo uliomsumbua miaka mingi, alichagua starehe. Woods, mwenye mguu ulioungwa kwa vyuma, alichagua uthabiti. Kila mmoja aliuliza mwili wake na mteremko uliokuwa mbele yake. Woods alikuwa na sababu kubwa kuliko mchezaji yeyote wa kubaki na kiatu cha kampuni iliyomlipa, akakiacha.

Tuulize basi ardhi ya Ruiru. Udongo mwekundu wa Kiambu una sifa mbili zinazoonekana kupingana. Ni wa mfinyanzi, lakini ni wa kina kirefu na hupitisha maji vizuri. Ndiyo sababu kahawa iliupenda, na ndiyo sababu kituo cha utafiti wa kahawa kiko Ruiru, kituo kilichozaa aina ya Ruiru 11 katika miaka ya 1980 ili kustahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Mvua kubwa ya usiku haifanyi kiwanja kuwa ziwa asubuhi. Kinachobaki ni utelezi wa juu: sentimita chache za udongo laini ulioloa, unaonata kwenye soli na kujaza kila pengo. Mahali penye nyasi za kikuyu zilizofumana hakuna hatari kubwa, kwa sababu nyasi zenyewe hushika mguu. Hatari iko mahali nyasi zilipoisha: kwenye tii (sehemu za kuanzia kupiga) zilizochakaa, kwenye vijia kati ya grini na tii inayofuata, kwenye kingo za mabanka ya mchanga, na kwenye miteremko ya kushukia vijito, ambavyo ni vingi katika nchi hii ya migongo na mabonde. Hapo njumu fupi zilizosongamana hujaa udongo katika hatua chache na kuwa soli bapa yenye uzito. Soli ya vitufe vidogo vilivyobanana hujaa mapema zaidi.

Kwa hiyo swali la njumu au soli tambarare limeulizwa vibaya. Swali la hapa ni soli ipi inayotema udongo. Jibu ni soli yenye njumu chache, ndefu kiasi, zilizoachana, na ngozi au kitambaa kisichopitisha maji hadi juu ya vidole. Kati ya Januari na Februari, na tena kati ya Juni na Septemba, mwenye soli ya vitufe yuko sawa kabisa, na starehe yake ni haki yake, maana mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi kwa miguu, na wengi hapa hutembea. Kati ya Machi na Mei, na kati ya Oktoba na Desemba, avae njumu. Anayetaka kujua ni nani aliyelielewa swali hili zamani amtazame kedi. Yeye hutembea mwendo ule ule akiwa na mzigo begani, tena mara nyingi kuliko mwanachama yeyote, na mvua ikinyesha hachagui kwa jina la kampuni. Anavaa gambuti au raba yenye meno makubwa, na anapita kando ya kijia, juu ya nyasi, si katikati yake. Elimu hiyo ni bora kuliko tangazo lolote.

Nakwenda mbali zaidi: mchezaji wa Ruiru anayenunua fimbo mpya kabla ya kuwa na jozi ya pili ya viatu amepanga fedha zake vibaya. Julai ya hapa ni ya baridi na mawingu. Kiatu kilicholowa Jumamosi kwa umande bado kina unyevu Jumapili, na kiatu kibichi hulegea, mguu ukahama ndani yake wakati wa kuzungusha mwili. Pigo zima la gofu husimama juu ya mguu wa nyuma kukaza na wa mbele kupokea. Mguu ukihama kidogo tu, hakuna teknolojia ya uso wa fimbo inayoweza kurudisha kilichopotea. Kwa asiye na fedha za dukani, mitumba ina viatu vya gofu vizuri, na njumu za plastiki hufunguliwa na kubadilishwa. Kagua soli na mshono, usitishwe na njumu zilizolika.

Najua pingamizi la kwanza. Mtu wa vipimo ataniambia kwamba mashine za kupimia fimbo hazidanganyi, kwamba draiva ya leo yenye kichwa cha sentimita za ujazo 460 inasamehe makosa ambayo ile ya mwaka 1990 haikuyasamehe, na kwamba mabingwa huvitumia vifaa hivi kwa sababu ni bora. Nakubali sehemu kubwa ya hayo. Ninachokataa ni kwamba faida hugawiwa sawa. Desemba 2023, mashirika mawili yanayotunga kanuni za gofu, R&A na USGA, yalitangaza kipimo kipya kikali cha mpira ili kupunguza umbali. Kwa makadirio yao wenyewe, wapigaji wa mbali kabisa wangepoteza mita 12 hadi 14 hivi, na mchezaji wa kawaida chini ya mita tano. Yaani watunga kanuni wanakiri kwamba yanayovumishwa juu ya mipira na kasi ni mambo ya wenye kasi. Mtu wa Thika anayepiga mita 190 anabishania senti huku ameangusha noti: mapigo anayoyapoteza kwenye nyasi za kando ya grini na kwenye mguu ulioteleza kwenye tii.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Mchezaji hachezi nyumbani tu. Atakwenda Nyali au Vipingo Ridge, ambako hewa ni nzito na upepo wa bahari haupumziki, na mfuko uliopangwa kwa Ruiru utamwangusha. Ni kweli. Lakini tazama ni nani anayeanguka vibaya zaidi. Aliyenunua kwa kufuata bingwa hajui kwa nini fimbo zake zilifanya kazi Ruiru, kwa hiyo hajui cha kubadilisha Mombasa. Aliyeanzia ardhini anajua kwamba asilimia sita zimetoweka, kwamba uso uliolala sana utaupandisha mpira kwenye upepo, kwamba weji moja inaweza kubaki nyumbani na chuma kirefu kikapata nafasi. Kanuni ya fimbo 14 haimzuii mtu kuwa na fimbo za akiba stoo. Inamtaka afikiri kabla ya kuondoka.

Liko pia pingamizi la moyo, nami silidharau. Mtu hucheza vizuri na fimbo anayoiamini, na kama imani yake imetoka kwa kumtazama Rory McIlroy akishinda Masters ya mwaka 2025 na kukamilisha mataji yote manne, basi imani hiyo ina kazi yake mkononi. Ningeomba tu kwamba imani hiyo ipewe msingi wa karibu. Maana Kenya ina mashindano yake, na historia yake ni ya kweli. Kenya Open ilianza mwaka 1967, na tangu 2019 imekuwa sehemu ya ziara kuu ya Ulaya. Seve Ballesteros aliishinda huko Muthaiga, Nairobi, mwaka 1978, na mwaka uliofuata akashinda The Open. Ian Woosnam aliishinda mwaka 1986, akaja kushinda Masters na kuvaa koti la kijani la Augusta mwaka 1991. Trevor Immelman aliishinda mwaka 2000, akashinda Masters mwaka 2008. Sisemi kwamba nyasi za kikuyu ziliwapa mataji hayo. Nasema kwamba wanaobishania Masters dhidi ya The Open wanaruka shindano ambalo mabingwa wa yote mawili walipitia, lililochezwa si mbali na Ruiru, katika mwinuko unaokaribiana na wao, juu ya nyasi kama zao. Mwaka 1998 Jacob Okello, Mkenya, alifika mchujo wa mwisho wa Kenya Open na kushindwa na Ricardo González wa Argentina. Pigo kwa pigo, siku hiyo ina mengi ya kumfundisha mtu wa hapa kuliko Jumapili yoyote ya Augusta, ambako grini na nyasi hutunzwa kwa fedha zisizopatikana popote Afrika Mashariki.

Wako pia watakaosema kwamba haya yote ni mazungumzo ya watu wachache wenye nafasi, katika mji ambao wakazi wake karibu nusu milioni wanahangaikia maji, matatu na kodi ya nyumba. Klabu za eneo hili zilizaliwa katika enzi ya walowezi wa kahawa na mkonge, na ni haki kulikumbuka hilo. Lakini gofu ya Kenya ya leo haibebwi na wenye nafasi peke yao. Wachezaji wengi wa kulipwa nchini walianza wakiwa makedi, wakajifunza kwa fimbo za kuachiwa, zisizolingana, mara nyingine tatu au nne tu mkononi. Kedi aliyefikia kiwango cha kulipwa kwa fimbo hizo ndiye ushahidi mzito kuliko wote wa ninachokisema, kwa sababu hakuwa na anasa ya kuchagua jina. Alikuwa na nyasi, udongo, mteremko na miguu yake, akavijua hivyo kwanza. Klabu ambayo wanachama wake hukaa kwenye veranda wakibishania draiva, huku makedi wanaojua zaidi wakisubiri nje ya mazungumzo, inajinyima mwalimu. Ningependa kuona siku ya mafunzo ambapo makedi ndio wanaofundisha: wapi pa kusimama kwenye kijia kilicholoa, jinsi mpira unavyokaa kwenye nyasi za Aprili, ni shimo gani linadanganya umbali.

Ukitoka Ruiru kuelekea Thika, ukapita Juja na kuikaribia mito ya Chania na Thika, mandhari hubadilika, mashamba ya mananasi yakatanda ng'ambo ya mji, lakini nyasi zilizo kando ya barabara hubaki zile zile. Mwaka 2028 Los Angeles itakuwa mwenyeji wa Olimpiki, na gofu itachezwa Riviera. Mwaka 2031 US Open itarudi hapo hapo. Ratiba hiyo ingefaa kubandikwa ukutani kwenye klabu za Ruiru na Thika, pamoja na maelekezo ya nini cha kutazama: achana na draiva, tazama jinsi wachezaji bora wa dunia wanavyopiga kutoka pembeni mwa grini, ni weji gani wanaichomoa, wanasimamaje, na ni mara ngapi mpira wao unamezwa kwenye mdundo wa kwanza. Kisha waitwe makedi wakae mbele, waeleze mchezaji alipokosea kabla mtangazaji hajasema.